Shajara ya mradi: biskuti za sukari zisizo na gluteni

Ijumaa usiku. Kabla ya unga wowote

Mtoto wa dada yangu amepimwa akakutwa na ugonjwa wa siliaki, yaani gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, inaudhuru utumbo wake. Mkate ameuacha bila manung'uniko. Kinachomuuma ni biskuti za sukari, zile nyembamba zinazokatwa maumbo ya nyota na wanyama kisha zikapakwa rangi juu. Kwa hiyo mradi huu una mteja mmoja, na mteja ana masharti: umbo lisipotelee ndani ya oveni, masikio ya sungura yasikatike yakishikwa, na mdomoni kusiwe na mchanga. Hilo la mchanga amelisisitiza, maana biskuti za pakiti alizoonja zote zilikuwa nao.

Leo sijagusa unga, nimesafisha tu. Joto la oveni haliui gluteni kama linavyoua vijidudu. Gluteni ni protini, na ikishaingia kwenye donge inabaki humo hadi mdomoni. Kipimo cha Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ambacho Marekani nayo inakitumia tangu kanuni yake ya 2013, ni miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja ya chakula. Nimekipigia hesabu. Donge langu litakuwa na uzito wa gramu 650 hivi, kwa hiyo mpaka wake ni miligramu 13. Unga wa ngano una gluteni karibu asilimia 8 hadi 10. Maana yake gramu 0.15 za unga wa ngano, kiasi kinachojificha kwenye matundu ya chekecheke bila mtu kukiona, kinatosha kufikisha trei nzima mpakani.

Baada ya hesabu hiyo sikuwa na ubishi tena. Chekecheke mpya, mpini mpya wa kusukumia, mwiko wa silikoni badala ya wa mti. Vikatio vya chuma vimesuguliwa kwa brashi na maji ya moto yenye sabuni, hasa kwenye mikunjo. Unga wa ngano umehama jikoni kabisa, kwa sababu vumbi lake huelea hewani muda mrefu kabla ya kutua. Kisha nimesoma vibandiko. Beking pauda iliyokuwa kabatini ina wanga wa ngano kwenye orodha ya viungo, nayo imeondoka. Sukari ya unga ni ya kuangaliwa vilevile, kwani huchanganywa na wanga kidogo ili isigande. Mara nyingi ni wa mahindi, lakini mara nyingi si kila mara.

Jumamosi. Msingi

Nimeanza na mapishi ya ngano ninayoyajua: unga gramu 300, siagi 170, sukari 150, yai moja, chumvi nusu kijiko cha chai, vanila. Ngano nimeitoa, mahali pake nimeweka unga wa mchele mweupe, uzito uleule, bila kiungo kingine chochote cha kusaidia. Sikutarajia biskuti nzuri. Nilitaka kuona kasoro zikiwa uchi, kila moja peke yake, kabla sijaanza kuzifunika.

Donge lilishikana vizuri kwenye bakuli, likanipa moyo. Lilipoanza kusukumwa likapasuka kingoni kotekote, na nyota niliyoikata ilibaki mezani nilipoinua mkono, imebakiza miguu mitatu kwenye karatasi. Nyingine nikazihamisha kwa kisu kipana na kuziingiza kwenye oveni ya nyuzi 180.

Nimekaa mbele ya kioo cha oveni na taa imewashwa, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko kwenye kuonja. Dakika tatu za kwanza hakuna kinachotokea. Kisha ncha za nyota zinaanza kung'aa, kama zimepakwa mafuta, na kwa kweli zimepakwa: siagi inayeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi na imeanza kutoka. Baada ya hapo pembe kali zinakuwa butu, halafu msingi wa biskuti unateremka na kusambaa huku katikati bado kumesimama. Muda mfupi baadaye nyota ni duara lenye mawimbi. Juu zimebaki nyeupe, chini zimeanza kahawia.

Mdomoni: utamu upo, siagi ipo, halafu mchanga. Kasoro tatu, basi. Kutoshikana, kutambaa na mchanga.

Napima kila kitu kwa mizani ya gramu na nitaendelea hivyo. Kikombe cha unga wa mchele na kikombe cha wanga wa muhogo havilingani uzito hata kidogo, na anayepima kwa kikombe hawezi kujua kama kilichobadilika ni unga au ni mkono wake.

Jumapili. Gamu

Kila maelekezo ya kuoka bila gluteni yanakimbilia gamu ya zanthani. Ni unga mweupe unaotengenezwa na bakteria aitwaye *Xanthomonas campestris* akilishwa sukari. Ilitokana na utafiti wa maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Peoria, Illinois, alikokuwa akifanya kazi mwanakemia Allene Jeanes. Ikikutana na maji inavimba na kuwa ute mzito. Kwenye mkate inafanya kazi kubwa kwelikweli, kwa sababu mkate unahitaji kitu cha kuzuia hewa isitoroke.

Biskuti haihitaji kuzuia hewa. Hata ile ya ngano haijengi gluteni nyingi: siagi inazunguka chembe za unga, sukari inanyang'anya maji, na mwokaji anaambiwa asikande sana. Gluteni kidogo inayopatikana inasaidia donge lisipasuke likisukumwa, na kazi yake kubwa imeishia hapo. Sasa kwa nini niweke gamu kwa kipimo cha mkate?

Nimegawa donge. Safari hii unga ni mchanganyiko: mchele kama theluthi mbili, kilichobaki ni wanga wa viazi na wanga wa muhogo. Sehemu moja haina gamu, nyingine ina robo kijiko cha chai kwa gramu 300 za unga, nyingine nusu kijiko, ya mwisho kijiko kizima. Isiyo na gamu bado inapasuka, ingawa si vibaya kama jana, kwani wanga wa muhogo una mnato wake. Ya robo kijiko inasukumika kwa adabu. Ya nusu kijiko inainuka mezani bila kuacha mguu. Ya kijiko kizima inasukumika kuliko zote, lakini biskuti yake ikitafunwa inajibana na kuvutika kidogo, na ikishapoa inateleza ulimini kwa namna isiyopendeza.

Nusu kijiko, basi. Tatizo la kushikana limeisha kwa urahisi usiolingana na sifa zake. Mchanga haujapungua hata chembe, na kutambaa kumepungua kidogo tu. Gamu inasifiwa kwa kazi ambayo haikuwa ngumu.

Jumatano usiku. Mchanga

Nimeacha kuoka, nimechukua vikombe viwili. Kila kimoja kimepata kijiko cha unga wa mchele na maji ya kuulowesha tu. Cha kwanza nimekigusa palepale: unga uliolowa kati ya kidole gumba na cha shahada unasikika kabisa, chembe ngumu zinazoviringika, unaweza karibu kuzihesabu. Cha pili nimekifunika na kukiacha zaidi ya nusu saa nikiosha vyombo. Niliporudi chembe zilikuwepo bado, lakini zimelainika ukingoni. Ukizibana zinakubali kidogo kabla ya kuteleza.

Hiyo ndiyo siri yote, na haina uhusiano na gamu. Punje ya mchele ni ngumu, na ikisagwa inatoa vipande vidogo vigumu vinavyonywa maji polepole sana. Ngano inalowa upesi. Mchele unataka muda. Na ndani ya donge la biskuti maji yenyewe ni ya kugombania. Yanatoka kwenye yai, ambalo robo tatu yake ni maji, na kwenye siagi, ambayo ina maji kiasi cha asilimia 16. Nikijumlisha napata gramu 65 hivi kwa gramu 300 za unga. Sukari inayawahi kabla ya unga. Siagi inafunika chembe za mchele na kuzifungia mlango. Tena sukari inapandisha joto ambalo wanga huivia, kwa hiyo biskuti inatoka kwenye oveni wanga wake mwingi ukiwa haujaiva sawasawa. Wali unaiva kwa sababu una maji ya kutosha, biskuti haina.

Kwa hiyo nimebadilisha mpangilio wa kuchanganya. Badala ya kupiga siagi na sukari, kuongeza yai, na unga kuja mwisho, nimechukua unga wa mchele peke yake, bila wanga mwingine, nikaukoroga na yai, vanila na kijiko kimoja cha mezani cha maziwa. Unakuwa mabonge makavumakavu, hautengenezi uji. Nimeufunika na kuuacha nusu saa. Halafu nimeusugua kwa vidole kuvunja mabonge, na hapo ndipo siagi iliyopigwa na sukari imeingia, ikifuatiwa na wanga na gamu.

Nimeoka vipande vichache tu vya majaribio. Mchanga umepungua kwa kiasi ambacho mtu hahitaji kuambiwa ili autambue.

Jambo la pili ni unga wenyewe. Nimeupitisha unga wa mchele kwenye chekecheke lenye matundu madogo kabisa nikaona kinachobaki juu: kijiko kizima cha chembe nene. Nimezirudisha kwenye mashine ya kusagia viungo. Mwenye uwezo wa kupata unga uliosagwa laini zaidi atajiondolea kazi hii. Unga wa mchele usiokobolewa nimeuacha nje ya mradi: pumba zake zinaongeza ukavu, na mafuta yaliyomo humo huchacha mapema.

Jumamosi. Kutambaa

Leo ni siku ya umbo. Nimepunguza siagi kutoka gramu 170 hadi 140 na sukari kutoka 150 hadi 130. Vyote viwili vikipata joto vinakuwa vimiminika, na unga usio na gluteni hauna cha kuvishikilia wakati huo. Beking pauda sitaiweka kabisa, hata ile isiyo na ngano. Biskuti inayotakiwa kubaki na masikio ya sungura haina sababu ya kuumuka. Nusu ya sukari nimeisaga ikawa laini, na donge limekuwa nyororo zaidi.

Siagi isipigwe sana. Ikipigwa hadi ikawa nyeupe na nyepesi inabeba hewa, na hewa hiyo oveni inaipanua. Iwe laini ya kubonyea kwa kidole, ichanganywe na sukari mpaka sukari isionekane, basi.

Lililobadilisha kila kitu ni mpangilio wa baridi. Kawaida donge linaingia friji likiwa bonge, linatoka gumu kama tofali, mtu anapigana nalo, na linapolainika kiasi cha kusukumika siagi nayo imeshapata joto. Nimegeuza. Donge linasukumwa likiwa bado laini, mara tu baada ya kuchanganywa, katikati ya karatasi mbili za kuokea, unene wa milimita 6. Kisha bapa lote na karatasi zake linalala juu ya trei ndani ya friji kwa saa moja au zaidi. Maumbo yanakatwa kwenye bapa baridi, na kila moja linatoka na kona zake kali.

Karatasi mbili zina faida ya pili: hakuna haja ya kunyunyizia unga mezani. Unga wa kunyunyizia ni unga mkavu ambao haukupata maji, yaani mchanga mpya baada ya kazi yote ile ya Jumatano.

Mabaki ya kukata yanakusanywa, yanabanwa pamoja na kusukumwa tena, na tena. Kwenye ngano mabaki ya mwisho huwa magumu kwa sababu kila msukumo unakaza gluteni. Hapa hakuna cha kukaza. Biskuti iliyotoka kwenye mabaki ya mabaki nimeshindwa kuitofautisha na ya kwanza. Ni mara chache mtu anayeoka bila gluteni anampita anayeoka kwa ngano, kwa hiyo nairekodi kwa furaha.

Maumbo yaliyokatwa yamerudi friji kwa muda mfupi, halafu yakaingia oveni. Nyota imetoka nyota. Sungura amevimba mashavu kidogo.

Jumapili. Rangi, na kutoshika mapema

Nimeweka kipimajoto ndani ya oveni. Kitufe kinasema 180, kipimajoto kinakaribia 195. Huenda hiyo pekee ilichangia sehemu ya kutambaa kwa wiki iliyopita. Sasa nawasha mapema, nasubiri kipimajoto kikae kwenye 175, na trei inaingia rafu ya kati.

Jicho lililozoea ngano linadanganywa hapa. Rangi ya kahawia kwenye biskuti inatokana kwa sehemu kubwa na sukari na protini kukutana kwenye joto, na mchele una protini kidogo kuliko ngano, wanga wa viazi na wa muhogo karibu hauna kabisa. Anayesubiri rangi ya dhahabu juu atatoa biskuti kavu. Naangalia mambo mawili: uso umeacha kung'aa, na ukingo wa chini umepata mstari mwembamba wa kahawia. Kwa unene wa milimita 6 hiyo ni dakika 10 hadi 12.

Zikitoka zinaonekana mbichi na zinakatika zikiguswa. Ni lazima ziwe hivyo. Kinachoishikilia biskuti ya namna hii ni sukari iliyoyeyuka na siagi, na vyote viwili vinaganda kadiri joto linavyoshuka. Naziacha juu ya trei yake hadi niweze kuishika trei kwa mkono mtupu. Masikio yote ya sungura yamepona.

Jumanne. Lozi

Jaribio fupi. Gramu 30 za unga wa mchele zimetoka, zimeingia gramu 30 za lozi zilizosagwa laini. Rangi imekuja, harufu imekuja, na biskuti imekuwa nyepesi kumeguka bila kukatika ovyo. Zinabaki. Kwa asiyeweza kula lozi, arudishe gramu hizo kwenye mchele, aongeze kijiko cha chai cha maziwa. Biskuti itakuwa nyeupe zaidi lakini haitakuwa na kasoro.

Jumamosi. Kipimo kinachotumika kwa sasa

Unga wa mchele mweupe uliochekechwa gramu 170. Yai moja, kijiko kimoja cha mezani cha maziwa, vijiko viwili vya chai vya vanila. Hivi vinne vinakorogwa kwanza na kuachwa nusu saa chini ya kifuniko. Pembeni, siagi gramu 140 na sukari 130, nusu yake imesagwa, pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Wanga wa viazi gramu 60, wa muhogo 40, lozi 30 na nusu kijiko cha chai cha gamu vinachanganywa vikavu, gamu itawanyike kabla ya kugusa unyevu, kwani ikilowa peke yake inafanya vidonge visivyovunjika. Mchele uliolowa unaingia kwenye siagi, kisha vikavu, kisha mkono. Donge liwe laini lisilong'ang'ania vidole. Likipasuka, kijiko cha chai cha maziwa. Likinata, halihitaji unga, linahitaji friji.

Mteja amekuja. Ameichukua nyota, akaigeuza kuangalia chini, akaitafuna taratibu kama mkaguzi.

"Mama mdogo, hii mchanga umeutoa wapi?"

Nikashtuka. Nikamuuliza kama bado anausikia.

"Hapana, nauliza umeutoa ukaupeleka wapi."

Ametoka na biskuti tatu. Mama yake, ambaye hana siliaki, amechukua nne.

Jumapili. Siku ya pili yake

Zilizobaki kwenye kopo lililofungwa ni laini zaidi leo kuliko jana, na ile chembechembe ya mwisho iliyokuwa imebaki nyuma ya ulimi imetoweka. Nadhani unyevu umeendelea kujigawa ndani ya biskuti usiku kucha. Kuanzia sasa nazioka siku moja kabla ya kuliwa. Mapande yaliyokatwa yasiyookwa nayo yanaganda vizuri kwenye friza, karatasi kati ya kila tabaka, na yanaingia oveni yakiwa yameganda hivyohivyo kwa dakika moja au mbili za ziada.

Mapambo: sukari ya unga iliyokaguliwa, ute wa yai uliouawa vijidudu kiwandani, tone la limau. Paka biskuti ikishapoa kabisa. Vipambo vya rangi vya kunyunyizia vimenipa kazi kuliko nilivyodhani, kwa kuwa kimoja kati ya viwili nilivyokuwa navyo kina onyo la ngano.

Alhamisi. Mtama

Nimebadilisha gramu 60 za mchele kwa unga wa mtama mweupe. Unakunywa maji upesi kuliko mchele, kwa hiyo donge lilikazana mapema na likahitaji maziwa zaidi kidogo. Rangi ni nzuri kuliko zote zilizotangulia, na ladha ina uzito fulani unaopatana na siagi. Ila vanila inasukumwa nyuma, na chini ya sukari ya mapambo ladha hizo mbili hazielewani. Nitaufungulia ukurasa wake kwa biskuti za tangawizi. Za sukari zinabaki na mchele, na wiki ijayo najaribu kipimo hikihiki bila yai.